Kiini Si Kimoja: Namna ya Kutafsiri “Essence”, “Gist”, “Crux” na Jamaa Zao

Mkataba uliokuwa mezani ulihusu mabati. Muuzaji aliahidi kuyafikisha kwenye eneo la ujenzi kabla ya masika, na mnunuzi, fundi mwashi anayeheshimika mtaani kwetu, aliomba nakala ya Kiswahili. Nakala ilikuwa imeshatafsiriwa na mtu mwingine. Mimi niliombwa kuipitia tu. Katikati yake nikakuta sentensi hii: “Muda utakuwa wa kiini.” Nikamuuliza fundi ameielewaje. “Naona wanatukumbusha tusicheleweshane, mwalimu,” akasema.

Kiingereza chake kilikuwa “time shall be of the essence”. Wanasheria wakiandika hivyo hawakumbushani. Wanasema kwamba tarehe ikipita na mabati hayajafika, mnunuzi anayo haki ya kuuvunja mkataba. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, iliyofuata mfano wa Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872, inaitenga mikataba ya namna hiyo na ile ambayo muda si sharti la msingi. Katika hii ya pili aliyecheleweshewa hudai fidia ya hasara yake, lakini hawezi kuutupa mkataba kwa sababu ya kuchelewa tu. Haki ya fundi yule ilikuwa imebebwa na neno moja, na neno hilo halikumwambia kitu. Tukaandika upya: “Kufikisha mabati kwa tarehe iliyotajwa ni sharti la msingi la mkataba huu, likikiukwa, mnunuzi anaweza kuuvunja mkataba.” Sentensi ilirefuka, lakini aliisoma mara moja akaitikia kwa kichwa.

Kiingereza kina ukoo mkubwa wa maneno yanayotaja kile kilicho ndani kabisa ya kitu au cha maana zaidi katika jambo: “essence”, “gist”, “crux”, “core”, “kernel”, “pith”, “substance”, “heart”, na mengineyo. Sisi tuna mazoea ya kuyajibu mengi yake kwa neno moja, kiini. Kiini ni neno zuri. Lina yai ndani yake, lina mbegu, na wanasayansi wetu walifanya vyema kulitumia kwa seli na atomu. Lakini ukilimwaga kila mahali linageuka kuwa kifuniko: msomaji anaona sufuria imefunikwa, hajui ndani kuna wali au maji. Mwongozo huu ni wako wewe unayetafsiri mikataba, unayeandika habari kutoka taarifa za Kiingereza, unayekalimani mkutanoni, au uliyeingia kidato cha kwanza ukakuta karibu masomo yote yamegeuka Kiingereza.

Ninalotaka ushike ni hili: kila neno katika ukoo huu ni jibu la swali lake. Kabla ya kutafuta neno la Kiswahili, tafuta swali. Ukishalipata, mara nyingi Kiswahili chenyewe kinakuja bila kuitwa, na mara nyingi hakiji na “kiini”.

Tuchukue kisa kimoja kitusindikize. Ndugu wawili wa pwani wana kesi ya shamba la marehemu baba yao. Ardhi ameachiwa kaka mkubwa. Mdogo alipanda humo minazi 60 baba akiwa hai, kwa ruhusa ya mdomo. Kwa desturi za pwani na visiwani, mti unaweza kuwa na mwenyewe na ardhi chini yake ikawa na mwenyewe mwingine. Sasa wamefika mahakamani.

Amesema nini?

Swali la “gist” ni hilo. Neno hili linatamkwa “jist”, na linahusu maneno: hotuba, barua, habari, mazungumzo, makala. Kitu kisichosemwa wala kuandikwa hakina “gist”. Huwezi kutaja “gist” ya mtu, ya nyumba wala ya urafiki. Ukimuuliza mwandishi aliyekwenda mahakamani akupe “gist” ya kesi yetu, atakujibu, “Ndugu wawili wanagombea shamba na minazi.” Basi. Hajakwambia nani ana haki, wala utata uko wapi.

Asili yake inanigusa kila ninapoikumbuka. Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, mahakama za nchi hiyo zilikuja kuendesha mabishano yake kwa Kifaransa kwa muda mrefu. Mwananchi wa kawaida alisimama kizimbani akisikiliza watu wakiamua maisha yake kwa lugha asiyoijua. Mwaka 1362 ilipitishwa sheria kwamba mashauri yasemwe kwa Kiingereza, kwa hoja hiyo hiyo ya watu kutoelewa, lakini Kilatini na Kifaransa cha kisheria viliendelea kuishi kwenye maandishi hadi sheria ya mwaka 1730, iliyoanza kutumika 1733, ilipovifunga. Katika Kifaransa hicho cha mahakamani kulikuwa na usemi “cest action gist”, yaani shauri hili linalala, kwa maana ya kwamba lina mahali pa kulalia, lina msingi. Sisi twasema hoja inasimama. Wao walisema inalala. Kitenzi ni kile kile kinachoandikwa hadi leo juu ya makaburi ya Ufaransa, “ci-gît”, hapa amelala fulani. Kiingereza kilipoirudia mahakama yake, kilibaki na kipande hicho cha lugha ya wenyewe, kikakitoa barazani kikawa neno la kila mtu.

Naleta historia hii kwa sababu iko karibu nasi. Mwaka 2021 Tanzania ilibadilisha sheria zake na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Maneno ninayoyajadili hapa yamejaa katika hukumu na hati za madai, na atakayeyahamisha vibaya atamrudisha mwananchi wetu kwenye kizimba cha yule Mwingereza wa karne ya 14.

Kwa hiyo “gist” tulitafsiri vipi? Mara nyingi kwa kitenzi. “The gist of her speech was that...” inakuwa “Kwa ufupi, alisema kwamba...” au “Alichokuwa akisema ni kwamba...”. “I got the gist” ni “Nimeelewa kwa jumla” au “Nimelipata alilokusudia”, pamoja na dokezo kwamba vipande vidogo vidogo vimenipita. Jihadhari na “muhtasari”. Kwetu Tanzania muhtasari wa kikao ni hati yenye tarehe, mahudhurio na saini ya katibu. Bosi akikuomba “the gist of the meeting” ukamletea muhtasari wa kikao wa kurasa sita, umemletea kingine. Na wanafunzi wa Kenya wasilichanganye na ufupisho wa mtihani: ufupisho huhesabiwa maneno na hubeba hoja kadhaa, ilhali “gist” inatosha sentensi moja.

Jambo dogo kwa wanaotafsiri filamu za Nigeria: kule neno hili limechukua njia yake. Mwanamke akimwambia shoga yake “I have gist for you”, hana ufupisho wowote. Ana habari motomoto. Andika “Nina umbea, shoga”, utakuwa umefika.

Pamekwama wapi?

Hili ni swali la “crux”, na hapa ndipo ninapoona makosa yanayoumiza zaidi, kwa sababu waandishi wa habari hulitumia sana katika migogoro. Neno ni la Kilatini, maana yake msalaba. Wanazuoni wa Ulaya waliokuwa wakifasiri maandiko ya kale waliita “crux interpretum”, msalaba wa wafasiri, yale mafungu ambayo kila aliyeyagusa aliteseka nayo bila kupata jibu. Kwa hiyo tangu mwanzo neno hili lina ugumu ndani yake. Wapanda majabali wanalitumia hivyo hivyo hadi leo: “crux” ya njia yao ni ile hatua ngumu kuliko zote, ambayo ukiivuka unajua kilele utakifikia.

Kuna msalaba wa pili, ule wa njia panda. Francis Bacon, katika kitabu chake cha mwaka 1620 juu ya namna mpya ya kutafuta elimu, alizungumzia mifano inayofanya kazi kama kibao cha njia panda, inayomwonyesha mtafiti ashike njia ipi kati ya mbili. Isaac Newton naye, alipoandika mwaka 1672 kuhusu mwanga na rangi, aliliita jaribio lake moja “experimentum crucis”. Neno “crucial” limetoka humo. Ukiziunganisha picha hizo mbili, penye ugumu na penye kuamulia, umeipata “crux”: mahali ambapo jambo limekwama, na pakikwamuliwa lote linakwisha.

Rudi kwenye shamba letu. “Crux” ya kesi ni swali moja: je, ruhusa ya mdomo ya baba ilimpa mdogo minazi, au ilimpa kibali cha kuvuna tu? Jaji akishajibu hilo, yaliyobaki ni hesabu. Sasa angalia “chanzo cha mgogoro”, ambalo ndilo waandishi wengi huandika wakikuta “the crux of the dispute”. Chanzo ni kwamba baba alikufa bila kuandika habari za minazi. Hilo lilishapita, halibishaniwi na yeyote. Ukiandika chanzo mahali pa “crux”, msomaji anaambiwa mambo yalivyoanza, wakati Kiingereza kilikuwa kikimwambia yatakavyokwisha.

Kiswahili hakina upungufu hapa. Kuna “mzizi wa fitina”, ambao tunausema hasa tunapotaka kuukata, na kuukata ndiko kuamua. Kuna “fundo”. Kuna misemo isiyo na nomino kabisa: “wanachobishania hasa ni...”, “mazungumzo yamekwama kwenye...”, “hapo ndipo penye utata”. Katika habari ya magazetini ningechagua “wanachobishania hasa”, kwa sababu inaeleweka na wazee na vijana. Katika hukumu ningeandika “suala la kuamuliwa”. Neno “kiini cha mgogoro” silikatazi, lina mizizi katika matumizi ya watu, ila jiulize kwanza kama msomaji wako ataelewa chanzo au suala. Akiweza kuelewa vyote viwili, hujatafsiri.

Ni nini hasa?

Sasa tumefika kwa “essence”, mkubwa wa ukoo. Warumi walilitengeneza kwa kitenzi chao “esse”, maana yake kuwa, ili wapate la kulijibu neno la Kiyunani “ousia” ambalo wanafalsafa walilitumia kwa kile kinachofanya kitu kiwe ndicho. Kwa hiyo swali lake ni zito: ukikiondolea kitu hiki kila kinachoweza kuondoka, kinabaki nini ambacho kikiondoka nacho, kitu chenyewe hakipo tena?

Waarabu walilijibu neno hilo la Kiyunani kwa “jawhar”, ambalo asili yake ni Kiajemi na ambalo pia ni kito cha thamani. Sisi tulilipokea kama johari, tukachukua kito, falsafa tukaiacha kule kule. “Dhati”, neno jingine la Kiarabu kwa nafsi na uhakika wa kitu, tumelipata vizuri zaidi. Madrasa zetu hufundisha dhati ya Mwenyezi Mungu na sifa zake, na huko neno linafanya kazi ya “essence” barabara. Mtaani dhati imeelekea upande wa moyo: nia ya dhati, kupenda kwa dhati. Kwa hiyo ukitafsiri maandishi ya dini au falsafa, tumia dhati bila woga. Ukitafsiri makala ya mapishi au michezo, msomaji atadhani unazungumzia unyofu wa mtu.

Lakini siri ya “essence” kwa Kiswahili haiko kwenye nomino. Lugha yetu ina zana nyingine, ambazo Kiingereza kingezihusudu kama kingezijua: “hasa”, “-enyewe”, na ile “ndi-” inayojipachika kwenye kila ngeli. “The essence of friendship is trust.” Mtafsiri mwenye haraka ataandika “Kiini cha urafiki ni uaminifu”. Sikiliza hizi: “Urafiki hasa ni kuaminiana.” “Kuaminiana ndiko urafiki wenyewe.” Ya pili ina nguvu kuliko Kiingereza kilichoizaa, kwa maana inasema vitu viwili hivyo ni kimoja, na hicho ndicho “essence” inachodai. Jaribu katika kisa chetu: “The essence of a gift is that it is given freely”, wakili wa mdogo anasema akitetea ruhusa ya baba. “Zawadi ni ile iliyotolewa kwa hiari.” Nomino imeyeyuka na hakuna kilichopotea.

“In essence” mwanzoni mwa sentensi siku hizi inajibiwa kwa “kimsingi”. Neno lenyewe ni halali, ila limechoka. Vikao vya ofisini vimelifanya kikohozi cha kusafishia koo: kimsingi tumekuja, kimsingi bajeti, kimsingi hatujapata. Ukilikuta kwenye tafsiri yako lifute, usome tena. Kama sentensi haikuyumba, liache lifutike.

Kisha kuna “essence” ya chupa, ile vanila ya matone mawili kwenye keki. Wataalamu wa alkemia wa Ulaya waliamini kwamba juu ya ardhi, maji, hewa na moto kuna asili ya tano iliyo safi kuliko zote, na wakajaribu kuitoa katika vitu kwa kuvitokosa na kuupoza mvuke wake. Asili hiyo ya tano ndiyo “quinta essentia”, ndiyo “quintessence”. Tano yao haikupatikana, ila walichokikinga kutoka kwenye mvuke kilikuwa na harufu kali ya mmea, kikabaki na jina. Anayetaka kuliona neno hili likifanya kazi kwa mikono aende Pemba, kwenye kiwanda cha makonyo cha Wawi. Makonyo ni vile vikonyo vya karafuu vinavyobaki karafuu zenyewe zikishachambuliwa. Mvuke wa moto hupitishwa ndani yake, unapopozwa unaachia maji na mafuta, mafuta yanatengwa. Humo mna yujenoli, ile harufu unayokutana nayo kwenye kiti cha daktari wa meno.

Sasa tazama madhara ya kutojua hadithi hii. Mafuta ya namna hiyo kwa Kiingereza huitwa “essential oils”, kwa sababu yamebeba “essence” ya mmea, yaani harufu na ladha yake. Nimeona vibandiko vya chupa vikiyaita “mafuta muhimu”. Muhimu kwa nani? Mama aliyenunua chupa hiyo anaweza kuamini mwili wa mtoto wake unayahitaji, na mafuta haya si ya kunywesha mtoto. Yaite “mafuta ya uturi” au “mafuta ya harufu”. Lakini “essential medicines”, orodha ambayo Shirika la Afya Duniani lilianza kuitoa mwaka 1977, ni dawa muhimu kweli, na asidi amino 9 zinazoitwa “essential” ni za lazima kwa sababu mwili hauwezi kuzitengeneza, sharti zitoke kwenye chakula. Neno moja, na swali ni lile lile: lina maana ya kuhitajika, au ya kukamuliwa?

“Quintessential” iliyotokana nayo haina ugumu. Ni “hasa” iliyokazwa. “The quintessential Lamu house” ni “nyumba ya Lamu hasa”, ile yenye daka mlangoni na zidaka ukutani, ambayo mtu akiulizwa nyumba za Lamu zikoje anaionyesha kwa kidole.

Maganda na yaliyomo

“Core”, “kernel”, “pith” na “marrow” yametoka kwenye matunda, miti na mifupa, na hapa kinachokusaidia ni kuuliza ganda ni lipi na kinacholiwa ni kipi.

“Kernel” ni mbegu ndogo, kokwa iliyomo ndani ya ganda gumu. Unavunja, unatupa maganda, unakula kilichomo. Ndiyo maana “a kernel of truth” ni chembe ya ukweli ndani ya rundo la uongo. Ukiandika “kiini cha ukweli” unaufanya ukweli kuwa mkubwa, na mwandishi alikuwa anaupunguza. Watu wa kompyuta wanaita “kernel” ile sehemu ya programu endeshi inayozungumza na vifaa, kama aliyoianza Linus Torvalds mwaka 1991 ikaitwa Linux, na hapo “kiini” inakaa sawasawa.

“Core” ni kinyume cha kokwa. Kwa tofaa, “core” ndiyo kile cha katikati kigumu unachokitupa. Hivyo picha yake haihusu utamu, inahusu mahali: katikati, panaposhikilia vingine. “Core subjects” ni masomo ya lazima. “The company's core business” ni kazi kuu ya kampuni. “Earth's core” ni kiini cha dunia, na sina ugomvi nacho. “Rotten to the core” haidai kiini wala moyo. “Ameoza kabisa” inatosha.

“Pith” ni ile nyama laini katikati ya shina. Kofia ngumu nyeupe za maofisa wa kikoloni tunazoziona katika picha za zamani ziliitwa “pith helmet” kwa kuwa zilitengenezwa kwa nyama nyepesi ya mmea wa majimaji wa huko India. Anayejua minazi anajua shaha, ule moyo mweupe wa kileleni, mtamu, ambao huupati mpaka mnazi uangushwe. Hata hivyo kwenye uandishi “pith” utalikuta zaidi kama “pithy”, sifa ya usemi mfupi ulioshiba maana. Tuna kauli yake tayari: maneno machache, mazito.

“Marrow” ni uboho, na Kiingereza hulitumia kwa baridi na hofu zaidi kuliko kwa hoja. “Chilled to the marrow” ni baridi iliyopenya mifupani.

Kilichomo, na kilichoandikwa juu yake

Neno “substance” lina hatari zake. Kwa Kilatini ni kinachosimama chini, kinachobeba. Katika maabara ni dutu. Katika “substance abuse” ni dawa za kulevya na pombe. “A man of substance” ni mtu mwenye mali zake. Katika Waraka kwa Waebrania, mwanzo wa sura ya 11, Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 iliweka “substance” kueleza imani, na Biblia yetu ya Union ikaweka “hakika”. Wafasiri wale waliuliza swali kabla ya kuuliza kamusi, nami nawaheshimu kwa hilo.

Mahali utakapokutana nalo kwa uzito ni pale linapopambana na “form”. Waliosoma fasihi shuleni wanajua fani na maudhui, na kwa riwaya na ushairi jozi hiyo inafaa. Mahakamani haifai. Kule “form” ni utaratibu: muhuri, idadi ya nakala, kifungu kilichotajwa kwa makosa juu ya karatasi. “Substance” ni dai lenyewe. Katiba ya Tanzania, ibara ya 107A, inazitaka mahakama zisifungwe kupita kiasi na masharti ya kiufundi yanayoweza kukwamisha haki; Katiba ya Kenya ya 2010 ina agizo la jinsi hiyo katika ibara ya 159. Basi kama hati ya mdogo wetu imekosewa namba ya kifungu na wakili wake akaomba jaji aangalie “the substance of the claim”, andika “dai lenyewe”. Usiandike “maudhui ya dai”, maana haombi jaji asome hati kwa makini zaidi. Anaomba asimame kwenye haki.

Wasio wa ukoo

Wengine hukaa barazani na ukoo huu ingawa si damu yake. “Upshot” ulikuwa mshale wa mwisho katika mashindano ya upinde, na maana yake ni matokeo: mahakama imempa mdogo minazi yake, hiyo ndiyo “upshot”. “The bottom line” ni mstari wa chini wa hesabu, faida au hasara. Kwa kawaida “mwisho wa yote” au “ukweli ni kwamba” inatosha. “Nitty-gritty”, neno la Wamarekani lililoenea katika karne ya 20, ni vipengele vidogo vidogo vya utekelezaji, hivyo anayelitafsiri kwa “kiini” amekwenda upande wa pili wa barabara.

Namalizia na moja ambalo wakalimani wa mikutanoni na makanisani watalifurahia. Kiingereza cha vitabuni husema “the burden of his speech”. Si mzigo. “Burden” hii ni kiitikio cha wimbo, kibwagizo, yale maneno yanayorudi kila ubeti ukiisha. Ukikalimani mzungumzaji anayetangatanga, naye ana dakika 40 na wewe kalamu na karatasi moja, usijaribu kushika kila kitu. Weka alama pembeni kila anaporudia neno au wazo alilokwisha kulitaja. Itakapofika alama ya tatu au ya nne umeshakipata kibwagizo chake, na hapo hata kipaza sauti kikikata dakika mbili utaweza kuwaambia waliokaa nyuma anachosema.